Safari ya kontena moja ya kahawa: tangu depo ya koperative mpaka feza kurudi



Kila mwaka, wakati wa kulipa masomo ya watoto unapokaribia, ulizo moja linarudi katika mikutano: "Kahawa yetu iliondoka zamani. Malipo ya pili iko wapi?" Wengine wanasema komite imekula. Wengine wanachoka kungojea, wanabeba parche yao usiku mpaka kwa muchuuzi wa mupakani, bei ya chini lakini feza mukononi. Katika somo hili sitamutetea mutu na sitamushitaki mutu. Nataka tufuate kontena moja ya arabika kutoka Lubero ao kutoka miguu ya Ruwenzori, tupite nayo Butembo, Kasindi, Uganda na Kenya mpaka bandari ya Mombasa, ili kila mushirika ajue feza inasimama wapi na juu ya nini. Wenzetu wa Ituri na wa Kivu ya Kusini wako na njia yao, wengine wanashukia Dar es Salaam, lakini mupango wa kazi ni ule ule.

Kuko jambo moja la kushika mbele ya yote. Mununuzi wa Ulaya ao wa Marekani, mara nyingi, wakati analipa hajaona kahawa. Kahawa iko bado juu ya maji. Anacholipa ni makaratasi yanayosema kahawa iko juu ya maji. Kwa hiyo kahawa tamu yenye karatasi mbaya inalala bila kulipwa, na mukulima aliyefanya kazi nzuri hawezi kuelewa.

Kontena katika hesabu

Kontena ya futi 20 inabeba magunia 320 ya kilo 60. Ni kilo 19,200 za kahawa iliyokobolewa. Kwa kupata hizo inatupasa karibu tani 24 za parche kavu, kwani kilo 100 za parche zinatoa kama kilo 80 hivi. Koperative ya washirika mia tatu haikusanyi tani 24 kwa wiki moja. Hapo njo kukawia kwa kwanza, na kunatoka kwetu wenyewe: kontena haiondoki nusu. Mushirika aliyeleta parche yake siku ya kwanza anamungojea yule wa siku ya mwisho. Na kama nusu ya washirika wanauza pembeni, anamungojea mutu asiyekuja.

Bei ya arabika inafuata soko la New York. Kule wanahesabu kwa senti za dola kwa libra moja. Kilo moja ni libra 2.2046. Kwa hiyo kontena yetu iko na libra 42,328. Muandike namba hii kwenye kaye ya koperative, itawatumikia kila pahali. Maana yake ni kwamba senti moja tu ya kuongeza ao ya kupunguza ni dola 423 kwa kontena. Jeran akisema "tumepata 300", ni dola 3 kwa libra, dola 6.61 kwa kilo, na kontena nzima dola 126,985. Hii 300 ni mufano wa kuhesabu, bei ya kweli inabadilika kila siku ya soko.

Na mara nyingi kontra haiandiki bei yenyewe. Inaandika "New York, kuongeza senti fulani" ao "kupunguza senti fulani", kisha bei inafungwa siku ingine. Mushirika anaweza kuuliza maulizo mawili bila aibu: ni nani iko na haki ya kufunga bei, sisi ao mununuzi? Na tarehe ya mwisho ya kuifunga ni gani? Nimeketi katika mikutano mikubwa ambapo watu wanagombana saa nzima juu ya bei ya magunia matupu, na hakuna mutu hata mumoja anauliza hilo.

Neno dogo lenye bei kubwa

Katika kontra kuko herufi tatu zinazoamua nani anabeba mateso ya njia. Mutaona FOB Mombasa, ao FCA Butembo. Sheria za maneno haya zinaandikwa na Chama cha Kimataifa cha Biashara cha Paris tangu 1936. Toleo tunalotumia leo ni la 2020.

FOB Mombasa maana yake: mpaka kahawa inawekwa ndani ya meli kule Mombasa, hasara yote ni yetu. Kamiyo ikianguka njiani, ni yetu. Mvua ikipenya turubai, ni yetu. Transiti ya Uganda na ya Kenya, gharama za bandari, yote ni juu yetu. Nyuma ya hapo, bahari ni ya mununuzi, na ni yeye analipa meli. FCA Butembo maana yake: tunamaliza makaratasi ya kutoka Kongo, tunamukabizi kahawa yule msafirishaji mununuzi amemuchagua, palepale Butembo, na hasara inavuka upande wake.

Makoperative mengi yanapenda FOB kwa sababu bei ni ya juu. Tuhesabu kwanza. Mununuzi wa kwanza anatoa 300 FOB Mombasa. Wa pili anatoa 285 FCA Butembo. Tofauti ni senti 15, yaani dola 6,349 kwa kontena. Sasa jeran alete proforma: kamiyo Butembo-Mombasa, transiteri wa kila mupaka, dhamana ya transiti, bandari, asiransi ya barabara. Kama jumla inapita dola 6,349, ile 300 ilikuwa ndogo kuliko 285. Kama jumla inabaki chini kidogo tu, mujiulize tena kama ile kidogo inatosha kwa kulipia hatari ya zaidi ya kilometa 1,000 za barabara zinazowangojea. Mimi sisemi FCA ni bora siku zote. Koperative yenye msafirishaji wa kuaminika na asiransi ya kweli inaweza kupata faida kwa FOB. Ile isiyokuwa nayo inacheza kamari na kahawa ya watu.

Kuko pia mwezi wa kupakia. Kontra ikisema "kupakia mwezi wa tatu", mwezi huo hauhesabiwi kwa siku kamiyo inaondoka Butembo. Unahesabiwa kwa tarehe iliyo kwenye karatasi ya meli. Ikiandikwa tarehe 2 ya mwezi wa ine, tumekosa kontra. Kama bei ya soko imepanda, mununuzi atatusamehe. Kama imeshuka, atakumbuka sheria.

Makaratasi ya hapa kwetu

Hapa nitapita mbio, kwani jeran na transiteri wanayajua, lakini mushirika ajue majina. Koperative inayouza inje inapaswa kuwa na namba yake ya kuingiza na kutosha bidhaa. ONAPAC, ile zamani tuliita ONC, inapima ubora. OCC inakagua na kutoa sertifika yake. Huduma ya karantini (SQAV) inatoa sertifika kwamba kahawa haina wadudu wala ugonjwa. OGEFREM ni ya mambo ya kusafirisha muzigo. Banki ya biashara inafungua deklarasyo ya kuuza inje, yenye kuitwa EB, ambayo inafunga koperative kuonyesha kwamba feza imerudi. DGDA njo dwane, inafunga kazi. Juu ya hizo kuko sertifika ya asili ya Shirika la Kimataifa la Kahawa, na kwenye kila gunia alama ya shirika hilo: namba ya inchi, namba ya muuzaji, namba ya loti. Alama hiyo si mapambo. Namba ya loti kwenye gunia na namba kwenye karatasi vinapaswa kuwa sawa.

Mbele ya yote haya, sampuli. Mununuzi anapokea gramu mia chache za loti yenyewe, anaonja, anakubali ao anakataa. Mpaka akubali, kahawa inabaki depo. Musiitikie mutu anayetuma sampuli ya loti nzuri kwa kuuza loti ingine. Sampuli inabaki kwa mununuzi, na kahawa ikifika wataonja zote mbili kwenye meza moja.

Maji ndani ya kontena yenye haikunyeshewa

Hii sehemu ni ya kazi yangu, muniruhusu nikae hapa kidogo.

Kahawa inayouzwa inje inapaswa kuwa na unyevu kati ya asilimia 8 na 12.5. Wengi wanafikiri kipimo hicho ni cha kumufurahisha mununuzi. Hapana. Tunapakia milimani kwetu, kwenye baridi. Kontena inashuka Mombasa, pahali pa joto, inachomwa na jua kwenye bandari. Kisha inaingia bahari za baridi za Ulaya. Joto la Mombasa linatosha maji ndani ya kahawa, yanakuwa hewa. Kisha bati la juu linapopoa, ile hewa inageuka matone na kuanguka juu ya magunia, sawa vile mufuniko wa sufuria unavyofanya. Muzigo unalowa bila mvua. Magunia ya juu yanapata kuvu, na harufu inakula mengine. Kahawa ya unyevu 13 iliyokuwa tamu Butembo inaweza kufika ikinuka kama nguo iliyosahauliwa.

Kwa hiyo: mashini ya kupima unyevu inapita kila loti siku ya kufunga magunia, hata kama ilipimwa wiki iliyopita, kwani depo zetu zinakunywa mvua. Kontena inafunikwa ndani kwa karatasi nene ya kraft, na wanaweka mifuko ya kunyonya maji. Mbele ya kupakia, mutu anaingia ndani, wanafunga milango, anatazama: akiona mwangaza, kuko tundu. Kisha anavuta pumzi. Harufu ya mafuta, ya samaki, ya dawa ya mimea, kontena inarudi. Kahawa inashika harufu mbio kuliko unga. Ubao wa chini ukiwa umelowa, hata kama ni kidogo, tunangojea.

Hesabu ya magunia inafanywa na watu wawili, mumoja wa koperative na mumoja wa msafirishaji, kila mutu na karatasi yake, na wanalinganisha kila mustari wa magunia 20. Wakimaliza, wanafunga plombe na kuandika namba yake palepale. Mupige picha ya plombe. Kama kahawa inakwenda kwa kamiyo ya kawaida na kuhamishiwa kontena Kampala ao Mombasa, kazi hii yote inafanyika kule, na ni lazima mutu wetu awepo ao kampuni ya ukaguzi tuliyoilipa sisi. Pahali pa kuhamisha njo magunia yanapungua.

Juu ya uzito. Kontra nyingi za Ulaya zinakubali kahawa ipoteze nusu ya asilimia njiani, kwa kukauka. Kwa kontena yetu ni kilo 96. Ikipungua kilo 192, zile 96 za juu tunamurudishia mununuzi. Kwa bei ya mufano wetu ni dola 635. Mizani isiyopimwa na OCC inaweza kutuletea deni hilo bila mutu kuiba hata punje moja.

Kasindi mpaka Mombasa

Kutoka Kasindi tunaingia Uganda kwa Mpondwe. Kahawa yetu haiingii Uganda kwa kuuzwa, inapita tu. Ndiyo maana ya transiti: dwane ya Uganda, kisha ya Kenya, zinataka dhamana kwamba muzigo utatoka ngambo ingine. Muzigo ukipotea, ile dhamana inalipwa kama ushuru. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, lakini hiyo haijafuta karatasi ya transiti. Kamiyo inapita Kasese, Kampala, inavuka kwenda Kenya, inashuka Nairobi, na kutoka Kampala mpaka Mombasa peke yake ni zaidi ya kilometa 1,100.

Nafasi katika meli inaombwa mbele kamiyo haijafika. Kampuni ya meli inatoa namba, jina la meli, na saa ya mwisho ya kupokea kontena bandarini. Ukifika nyuma ya saa ile, unangojea meli ingine, na kila siku kontena inaketi bandarini inahesabiwa feza. Pia, tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2016, hakuna kontena inayopanda meli bila karatasi ya uzito wote uliopimwa, kontena pamoja na muzigo. Ni sheria ya usalama ya bahari kwa dunia yote. Transiteri anayesahau karatasi hii anatuachisha meli.

Karatasi ya meli

Wakati kontena imepanda, kampuni ya meli inatoa konesma; watu wa Mombasa wanasema B/L. Kama munataka kukumbuka karatasi moja tu katika somo hili, mukumbuke hii. Inafanya kazi tatu. Ni risiti kwamba meli imepokea muzigo. Inaonyesha kontra ya kusafirisha. Na ya tatu njo kubwa: anayeshika orijinali yake njo mwenye haki ya kuchukua kahawa kule mwisho. Kwa kawaida orijinali ziko tatu. Orijinali moja ikitosha kuchukua muzigo, munaelewa juu ya nini hatuzitumi mikononi mwa mununuzi ambaye bado hajalipa. Zinapita kwa banki.

Muangalie pia vile imeandikwa. Konesma haisemi meli imehesabu magunia. Inasema kontena "inasemekana" iko na magunia 320, kwani kapiteni aliikuta imefungwa. Ndiyo sababu namba ya plombe na hesabu ya watu wawili ni ngao yetu.

Sasa makaratasi yote yanapaswa kusema neno moja. Mufano wa kawaida kabisa: kontra inasema Kivu 3, sertifika inasema Kivu 3, lakini mwandishi wa fakture amechukua fakture ya mwaka uliopita, akasahau kugeuza, imebaki Kivu 4. Ao jina la koperative liko na neno moja zaidi kuliko lile la konesma. Banki ya mununuzi haionji kahawa. Inasoma. Ikiona tofauti inasimamisha malipo, na karatasi inarudi Butembo kutengenezwa.

Banki na deni

Kuko namna mbili ambazo makoperative yetu yanakutana nazo sana. Katika ya kwanza, banki yetu inatuma makaratasi kwa banki ya mununuzi, na banki ile inayatoa tu akilipa. Ni rahisi, lakini mununuzi mubaya anaweza kukataa, na kahawa yetu inabaki bandari ya mbali. Ya pili ni kredi dokumanteri: banki ya mununuzi yenyewe inaahidi kulipa, kama makaratasi ni sawa na yanafika kwa wakati. Kama haikuandikwa vingine, wakati huo ni siku 21 nyuma ya kupakia meli, na isipite siku ya mwisho ya kredi yenyewe. Ni salama zaidi, lakini iko bei, na haisamehe kosa la herufi.

Mujichunge na kontra inayosema mununuzi atalipa "nyuma ya kufika na kukubaliwa". Tangu mwisho wa 2023, juu ya mashambulizi katika Bahari Nyekundu, meli nyingi za kwenda Ulaya zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kule Afrika ya Kusini, na safari ikaongezeka kwa wiki nzima ao mbili. Koperative inayolipwa kwa makaratasi haikusikia sana. Ile inayolipwa kwa kufika ilingojea pamoja na meli.

Na kungojea kuko na bei. Malipo ya kwanza munayopewa siku ya kuleta kahawa, mara nyingi ni deni la koperative. Tuseme ni dola 80,000 kwa intere ya asilimia 12 kwa mwaka: kila mwezi ni dola 800. Wiki tatu za kutengeneza ile fakture ya Kivu 4 ni karibu dola 550, zinazotoka katika malipo ya pili, na hazitaonekana pahali popote katika ripoti isipokuwa kwenye mustari wa "gharama za banki". Katika mukutano mukubwa, muombe kuona mustari huo, kisha muombe tarehe tatu: ya kontra, ya konesma, na ya feza kuingia banki. Kati ya mbili za kwanza, kazi ni ya koperative na transiteri. Kati ya mbili za mwisho, ni ya makaratasi. Jeran anayefanya kazi vizuri atafurahi kuonyesha tarehe hizo, kwani zinamutosha lawama.

Nukta za mashamba

Umoja wa Ulaya umeweka sheria ya 2023 kuhusu kahawa, kakao na mazao mengine: isitoke kwenye pori lililokatwa nyuma ya tarehe 31 mwezi wa 12, 2020, na kila loti ionyeshe shamba lake kwa GPS. Tarehe ya kuanza imesogezwa zaidi ya mara moja, lakini wanunuzi wameanza kuomba nukta hizo, na loti isiyokuwa nazo itakuwa ngumu kuuza kule. Kwa shamba la chini ya hektari 4, nukta moja inatosha, yenye namba sita nyuma ya koma. Kwa shamba la hektari 4 kwenda juu, tunazunguka mipaka yote. Ma-animateri wetu watapita na simu. Mwenyi shamba awepo, ao mutu wa nyumba anayejua mipaka. Wale wenye kahawa kwenye vilima viwili ao vitatu wasionyeshe kilima kimoja tu: kila shamba linaandikwa na nukta yake, hata kama ni miti hamsini.